Mafunzo ya kujilinda: tunawafundisha vijana wetu kupigana na nani?



Leo sitaandika juu ya kakao wala juu ya mnyauko wa migomba. Nataka tuongee juu ya mafunzo ya kujilinda, yale ambayo vijana wetu, zaidi wasichana, wanapewa wakati wa likizo: katika ukumbi wa parokia, katika darasa la shule, katika hangari ya ONG. Munayajua. Fundi wa karate ama wa judo anakuja na mkanda wake mweusi, wasichana thelathini wanajipanga mistari mitatu, wanafundishwa kupiga ngumi, kupiga teke, kujitoa mkono ukishikwa. Siku ya mwisho wanapewa tisheti na cheti, picha inapigwa, na sisi kwenye simu zetu tunaweka "bravo" tunapita.

Mimi siyapingi. Nimehudhuria matatu, mawili Butembo na moja Beni, na niliona wasichana walioingia wakitazama chini wakitoka wakitazama watu usoni. Hiyo si kitu kidogo. Lakini kuna jambo ambalo linanisumbua, na nadhani sisi tuliosoma tuko na deni la kulisema badala ya kupiga makofi tu.

Masomo ya kilimo yalinizoesha swali moja: mbegu hii ni nzuri kwa udongo upi, na inastahimili ugonjwa gani? Muhogo unaostahimili mozaiki hausaidii kitu kama shamba lako linaliwa na nguruwe wa jirani. Mafunzo ya kujilinda nayo ni vile vile. Kila mafunzo yako na adui wake kichwani. Na katika yale niliyoyaona, adui huyo ni mwanaume mmoja, asiyejulikana, asiye na silaha, usiku, njiani. Yuko, sikatai. Lakini hapa kwetu hayuko peke yake, na sidhani kama ndiye wa kwanza katika foleni.

Neno lenyewe liko na historia

Ukisema "autodefansi" hapa Nord-Kivu, baba wa msichana hasikii karate. Anasikia Mai-Mai. Makundi mangapi yenye silaha yalizaliwa kwa jina hilo? Vijana wa kijiji wanasema wanajilinda, kesho wako na kizuizi barabarani, kesho kutwa wanaomba kuku na pesa kwa mama anayetoka sokoni. Tarehe 3 Novemba 2022 Rais Tshisekedi mwenyewe aliwaomba vijana waingie jeshini na wajipange katika makundi ya kulinda mitaa yao. Leo neno Wazalendo liko katika kila nyumba.

Kwa hiyo siku ya kuandikisha vijana, mama mmoja wa Butembo alipouliza mlangoni, "Munamupeleka mutoto yangu ku pori?", swali lake halikuwa la ujinga. Fikirieni kijana wa kiume wa miaka 16 ambaye familia yake ilikimbia mwaka 2024 wakati Kanyabayonga ilipoanguka, akafika Butembo bila shule na bila kazi. Huyo naye ni dhaifu, hata kama ni mvulana na ana misuli. Hatari yake kubwa si kupigwa njiani. Hatari yake ni mtu atakayemuita kwa jina lake, amnunulie chakula, halafu amupe silaha. Ukimfundisha ngumi bila kumfundisha jinsi ya kukataa wito ule, na bila kumwonyesha nani wa kukimbilia akilazimishwa, umemtayarishia yule mtu askari.

Na bado wavulana karibu hawaonekani katika mafunzo haya, isipokuwa kama mifuko ya kupigia.

Swali ambalo halikujibiwa

Katika mojawapo ya mafunzo yale, na waandaaji sitawataja, fundi alitaka kuonyesha jinsi ya kujitoa ukikabwa kutoka nyuma. Hakuuliza. Alimvuta msichana wa mstari wa mbele, akamzungushia mkono shingoni. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Ukutani kulikuwa na karatasi kubwa imeandikwa kwamba mwili wako ni wako, na somo lilianza na mwili wake kushikwa bila ruhusa. Fundi hakuwa mtu mbaya. Njo vile alivyofundishwa yeye mwenyewe ku dojo. Ila mtu anayefundisha wasichana ambao baadhi yao tayari walibakwa hawezi kufanya kazi kama yuko ku dojo. Kukabwa ghafla kunaweza kumrudisha mmoja wao ku siku ile.

Mchana, msichana mwingine akainua mkono: "Fundi, na kama ni mwalimu?"

Fundi akajibu: "Hiyo ni habari ingine, tutaiongelea kesho."

Kesho yake hatukuiongelea. Tulifanya mateke.

Wandugu, ile "habari ingine" ndiyo habari yenyewe. Mwalimu anayeshika pointi. Mjomba ambaye analipa masomo. Motari ambaye anakubeba kila siku na hataki tena pesa. Mchungaji. Bosi. Mpenzi. Huyu hakukabi kutoka nyuma. Anaanza na zawadi, na mzaha, na mlango ambao anaufunga polepole. Na wewe huwezi kumpiga kidole cha jicho mjomba kwa sababu amekaa karibu sana kwenye kiti. Kinachohitajika ni maneno ya kusema mapema, wakati bado ni rahisi, na mtu wa kumwambia ambaye hatakuuliza, "Ulikuwa umevaa nini?"

Tulishaona, na ilikuwa hapa hapa

Kama munadhani ninatia chumvi, kumbukeni Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina na ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3.470 waliugua, 2.287 walikufa. Lakini kuna hesabu ingine ambayo tunapenda kuisahau. Septemba 2020 waandishi wa habari wa The New Humanitarian na Thomson Reuters Foundation walichapisha ushuhuda wa wanawake zaidi ya 50 wa Beni: wanaume waliojitambulisha kuwa wafanyakazi wa mashirika walikuwa wakiwaomba ngono ili wapate kazi. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 28 Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani (OMS), ambayo mmoja wa viongozi wake wawili alikuwa mama yetu Julienne Lusenge, ilitoa ripoti. Watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS yenyewe.

Sasa niambieni: msichana wa Beni mwaka 2019, mwenye diploma ya serikali, hana kazi, anaambiwa mkataba wa kupika ama wa kusafisha uko tayari, ila apite kwanza ku hoteli. Teke gani litamsaidia? Mtu yule hakuwa na panga. Alikuwa na karatasi ya kazi, gari lenye bendera, na mshahara ambao kwetu hatujauona.

Kujilinda na mtu kama huyo ni kujua mambo yasiyohitaji misuli. Kujua kwamba kazi haiombwi hotelini. Kujua kwenda wawili kila mara unapoitwa kwa "mahojiano". Kujua kuhifadhi ujumbe wa simu badala ya kuufuta kwa haya. Kujua kwamba sheria n° 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu ubakaji kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20, na inamwadhibu pia mtu anayetumia cheo chake kumsumbua mwingine apate ngono. Kujua kwamba sheria ya siku ile ile, n° 06/019, inakataza kumaliza kesi kama hizi kwa amande ya polisi. Ni wangapi kati yetu, na lisansi zetu, tunaijua hiyo? Na ni kesi ngapi zinamalizwa kwa mbuzi wawili na kreti ya bia, chefu akiwa shahidi?

Nairobi walipima

Kuna wanaosema mafunzo haya yote ni mchezo, hayabadilishi kitu. Hao pia wanakosea, na kuna ushahidi.

Mwaka 2013, katika jarida la afya ya vijana linaloitwa Journal of Adolescent Health, watafiti walitoa matokeo ya mafunzo yaliyofanywa na wasichana wa sekondari katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Vipindi sita tu, vya saa mbili kila kimoja. Sisi wa kilimo tutafurahi kusikia kwamba walikuwa na shamba la majaribio na shamba shahidi: wasichana 402 walipata mafunzo mapya, na 120 walipata somo la kawaida la stadi za maisha. Katika kundi la kwanza, wasichana waliosema wameshambuliwa kingono ndani ya mwaka walikuwa asilimia 24,6 kabla ya mafunzo. Miezi kumi baadaye walikuwa asilimia 9,2. Katika kundi shahidi, kutoka 24,2 hadi 23,1, maana yake karibu hakuna kilichobadilika. Zaidi ya nusu ya wale waliofundishwa walisema walitumia walichojifunza kuzuia shambulio. Na waliobahatika vibaya, wakashambuliwa, walizungumza zaidi kuliko zamani.

Kanada nao walipima, kwa wanafunzi wa kike 893 wa vyuo vikuu, matokeo yakatoka mwaka 2015: ndani ya mwaka mmoja, ubakaji ulikuwa asilimia 5,2 kwa waliofundishwa na 9,8 kwa wasiofundishwa.

Tusikimbie. Majibu ni ya wasichana wenyewe, na mtu aliyefundishwa anaweza kujibu tofauti na ambaye hakufundishwa. Na mbegu iliyozaa Nairobi lazima ijaribiwe kwanza ku udongo wa Butembo. Lakini angalieni walichofundisha. Ngumi na mateke yalikuwamo, ila ni kipande. Kipande kingine kilikuwa sauti: kusema "hapana" kwa nguvu, kuitambua hatari mapema, kujadiliana, kuondoka, kumwambia mtu. Na Nairobi walirudi kwa wavulana pia, na programu yao wenyewe, ili wajifunze kuingilia kati wakiona mwenzao anamsumbua msichana. Sisi tulichukua kipande cha mateke kwa sababu ndicho kinachopendeza ku picha.

Karibu zaidi na sisi, kule Bukavu, iko City of Joy, iliyofunguliwa mwaka 2011 kwa wanawake waliopitia ukatili. Wanaingia 90 kwa mara moja, wanakaa miezi sita. Kujilinda ni somo moja kati ya mengi: kuna kusoma, kuna haki, kuna kuponya moyo, kuna kilimo. Miezi sita. Sisi tunafanya siku mbili na chakula cha mchana, halafu tunaandika ripoti kwamba wasichana "wamewezeshwa".

Shambani hakuna tatami

Na mtu mwenye bunduki, je? Hapa lazima fundi awe mkweli. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa, na wengi wamekutwa mashambani mwao, panga mkononi la kukata kakao, si la kupigana. Tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko chini ya hali ya kuzingirwa, na bado mama anajiuliza asubuhi kama aende kuvuna ama alale njaa. Ukimwambia msichana wa Oicha kwamba kuna namna ya kumnyang'anya mtu silaha, unamdanganya, na uongo huo unaweza kumuua.

Mimi ninafanya kazi na vikundi vya wakulima. Wakina mama wale hawajawahi kukanyaga dojo, lakini wako na ujuzi ambao hakuna mwandaaji aliyewahi kuwaomba waufundishe. Wanaenda kumi, hawaendi mmoja mmoja. Wanakubaliana njia ya kwenda na njia ya kurudi. Mtu wa nyumbani anajua saa. Ndege wakinyamaza, ama njiani pakiwa na alama za viatu ambazo si za hapa, wanarudi, na hakuna anayemcheka aliyesema turudi. Na wakikimbia, hakuna kurudi kuchukua simu wala gunia. Hayo hayamlindi mtu kila siku. Tumezika waliofanya yote hayo. Ila ni ukweli wa hapa, na kijana anastahili kuambiwa ukweli.

Makelele yanaleta nani?

Jambo moja zaidi, ambalo mafunzo ya kutoka nje hayawezi kulijua. Wanafundisha kupiga makelele. Vizuri. Kwetu usiku watu wanapiga filimbi na sufuria, na mtaa mzima unaamka. Lakini kwetu pia makelele yanaweza kuua. Ukilia "mwizi!", kundi linakuja na mawe na matairi kabla ya polisi, na kundi haliulizi mara mbili. Nimesikia fundi akiwashauri wasichana walie "mwizi" kwa sababu watu wanakuja haraka kuliko ukilia "ananibaka". Ni kweli wanakuja haraka. Na hapo njo shida yenyewe: mtaa ambao unakimbia juu ya simu iliyoibiwa na unabaki kitandani juu ya msichana. Hilo si somo la msichana. Ni somo la mtaa, la chefu wa avenye, la mapadri na wachungaji, la wanaume wanaokaa ku nganda jioni. Msichana alie jina la jambo lenyewe, na sisi tujifunze kutoka nje tukilisikia.

Mzigo usimwangukie yeye

Ninaloliogopa kupita yote ni sentensi moja: "Si ulifundishwa?"

Mwili wa binadamu ukiogopa sana unaweza kuganda. Hata mwenye mkanda mweusi. Msichana aliyeganda hakukubali, na hakushindwa mtihani. Kama fundi hasemi hivyo waziwazi, mara tatu, mbele ya wote, basi anayeshambuliwa baada ya mafunzo ataondoka na aibu mbili: ya kubakwa, na ya kutokupigana. Hataenda kituo cha afya. Na saa zinakimbia: dawa za kuzuia virusi vya SIDA zinatakiwa zianze kabla ya saa 72, ya kuzuia mimba kabla ya siku 5. Kwa maoni yangu, kijana akitoka katika mafunzo anakumbuka teke la mawashi na hakumbuki "72", mafunzo yale yamefeli.

Kwa wanaoandaa likizo ijayo

Siwezi kukosoa nikaenda. Wengi wetu ndio tunaoitwa kuandaa mafunzo haya, kuandika miradi, kutafuta ukumbi. Kwa hiyo ninaomba mambo haya:

1. Asubuhi ya kwanza, kabla ya fundi kuvaa mkanda, wape vijana vikaratasi. Waandike bila jina: ni nani unayemwogopa, wapi, saa ngapi? Vikusanye, vihesabu, halafu panga somo kufuata hesabu ile. Kama ishirini kati ya thelathini wameandika mtu wanayemjua, siku ya kwanza si ya mateke.

2. Hakuna kumshika mtu bila kumuuliza, na anayesema hapana anakaa pembeni bila kuelezwa wala kuchekwa. Hiyo ndiyo hapana ya kwanza atakayoizoea.

3. Afike muuguzi wa kituo cha karibu na mtu wa sheria, waonekane sura, watoe namba zao. Saa moja ya hao ni bora kuliko saa moja ya kupasua mbao.

4. Wavulana wawe na kipindi chao, na wakimbizi wa ndani watafutwe walipo. Hawana simu ya kuona tangazo.

5. Mafunzo yarudi. Saa mbili kila juma kwa majuma sita ni afadhali kuliko siku mbili mfululizo na bufe. Na baada ya miezi kumi rudini muulize kilichotokea, hata kama mfadhili hakuomba.

6. Ongezeni kitu cha kuleta chakula. Msichana ambaye hana unga wa kesho anamlipa "hapana" bei kubwa kuliko mwenye unga. Hapo sisi wa kilimo, wa ufugaji, wa biashara, tusiseme hatuna kazi ndani ya jambo hili.

Na kwa yule msichana aliyeuliza juu ya mwalimu, jibu alilostahili lilikuwa fupi, lingechukua dakika tano: usiende kwake peke yako, mwambie leo mtu mzima mmoja unayemwamini, na kama huyo hakuamini, mwambie wa pili, weka ujumbe wake, sheria iko upande wako, na kosa si lako. Kama kuna mtu hapa anafundisha likizo hii, tafadhali amjibu. Atakuwa amekaa ku mstari wa pili ama wa tatu, na pengine safari hii hatainua mkono.